Kutambua na Kutengeneza Nyumbani Injini Inayokosa Moto Katika Silinda

Mafundisho kwa wakulima na wenye mashua wa Kibiti na wa delta ya Rufiji

Wakulima wenzangu, zamani kazi yetu ilitegemea jembe, kasia na kinu cha mti. Siku hizi mpunga wa delta huvushwa kwa mashua za mashine, hukobolewa kwa injini za dizeli, na bustani nyingi za mboga hunyweshwa kwa pampu za petroli. Kwa hiyo ugonjwa wa injini umekuwa ugonjwa wa shamba, kama walivyo panya na ndege waharibuo mpunga, na yafaa mkulima aujue.

Katika magonjwa hayo, mmoja huonekana mara nyingi, nao hudharauliwa. Injini yawaka, walakini silinda moja haifanyi kazi, au yafanya kwa kukatakata. Mafundi husema, "Injini inamisi." Mwenye mali husikia mngurumo umebadilika, lakini maadamu chombo chaenda, husema ataangalia wiki ijayo. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wafichao. Msimu mmoja nilitoka Mbwera kwenda Nyamisati kwa mashua yenye injini ya silinda mbili, pamoja na nahodha na akina mama wawili waliopakia mpunga wao. Injini ilikuwa ikitetemeka tangu gatini, nami nikasema, "Twende, itachangamka njiani." Haikuchangamka. Maji yakaanza kupwa, nguvu ya silinda moja haikutosha kushindana na mkondo, tukakwama juu ya tope la mikoko mpaka maji yalipojaa tena usiku, na mvua ikatukuta pale pale. Magunia manne ya chini yalilowa, na baada ya siku chache punje zake zilikuwa zimechipua. Mmoja wa akina mama wale alikuwa amekusudia kununua sare na madaftari ya mwanawe kwa mpunga ule. Sababu ya msiba wote ilikuwa kofia moja ya plagi iliyoliwa na chumvi. Tena, mwezi uliotangulia nilikuwa nimenunua kabureta nzima kwa kubahatisha, kwa ajili ya ugonjwa ule ule.

Wala si sisi wa kwanza kufungwa na mtambo katika maji haya. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani iitwayo Königsberg, baada ya kupiga vita bandarini Unguja, iliharibikiwa na mitambo yake ikarudi kujificha katika delta, karibu na Salale. Vyuma vilivyovunjika vilichukuliwa kwa njia ya nchi kavu mpaka Dar es Salaam kutengenezwa, kisha vikarudishwa. Lakini Waingereza walikwisha kuigundua na kuiziba milango ya mto, nayo haikutoka tena. Ilizamishwa humo tarehe 11 Julai 1915. Ikiwa chombo kikubwa namna ile kilishikwa kwa kuvunjika chuma, mashua ya magunia ishirini itasalimikaje?

Fundisho la karatasi hii ni hili: tafuta kwanza silinda, kisha tafuta sababu, ndipo ununue kitu.

1. INJINI HUPATAJE NGUVU

Ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Injini ya petroli yataka mambo matatu. La kwanza, petroli na hewa vilivyochanganywa kwa kipimo. La pili, mgandamizo, yaani mchanganyiko huo ubanwe sana na pistoni bila kuvuja. La tatu, cheche yenye nguvu kutoka katika plagi, nayo ije kwa wakati wake. Yakipatikana yote matatu, moto huwaka na pistoni husukumwa. Likikosekana moja, silinda haina kazi. Huwa abiria, na wenzake humbeba.

Basi kila mara uonapo injini inakosa, jiulize maswali matatu tu: Je, ni mafuta? Je, ni mgandamizo? Je, ni cheche? Hakuna uchawi wa nne.

2. DALILI ZAKE

Injini yatetemeka kuliko desturi. Mngurumo wake si sawa. Wasikika kama mtu achechemeaye. Nguvu yapungua: mashua haiinui kichwa, au pampu yatoa maji haba. Petroli yaisha upesi. Moshi wanuka petroli isiyoungua, na pengine mlio wa kupasuka hutoka katika bomba la moshi.

Usiiache injini iendelee hivyo siku nyingi. Katika injini ya mipigo minne, petroli isiyoungua hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na vyuma husagika. Katika injini ya mipigo miwili, ambayo oili yake huchanganywa na petroli, silinda inyimwayo mafuta hunyimwa na oili pia; hupata joto kali mpaka pistoni kuharibika. Hapo ugonjwa wa kofia ya plagi umekuwa ugonjwa wa injini nzima.

3. KABLA YA KUSHIKA KITU

Weka tayari sipana ya plagi, bisibisi, koleo yenye mpini wa mpira, brashi ndogo, kitambaa kikavu, chupa ya kioo iliyo safi, na plagi moja ya akiba iliyo nzima. Tandika kitambaa cheupe au gunia safi, ili misumari midogo isipotee mchangani.

Kisha shika amri hizi. Fanya kazi mahali penye hewa, kwa maana moshi wa injini una sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huua mtu ndani ya chumba. Usivute sigara, wala usiwashe kibatari karibu na petroli. Injini ya mashua usiiwashe pasipo maji; iwashe majini au katika pipa lililojaa, kwa sababu pampu yake ya kupozea huharibika upesi ikiwa kavu. Hakikisha gia haikushika, na watoto wakae mbali na rafadha.

4. KUITAFUTA SILINDA YENYE UGONJWA

Pampu yenye silinda moja haina haja ya sehemu hii; mwenye pampu aanze sehemu ya tano. Lakini injini nyingi za mashua zina silinda mbili, moja juu na moja chini, nasi hatuna budi kujua ni ipi iliyolala.

Watu wengine huchomoa kofia ya plagi kwa mkono huku injini ikinguruma. Usifanye hivyo. Umeme wake ni mkali, waweza kukutupa majini. Tena mitambo ya umeme ya injini za siku hizi huharibika cheche ikikosa pa kwenda. Njia iliyo salama ni hii:

(a) Zima injini. Vua kofia ya plagi ya silinda ya juu. Plagi yenyewe iache mahali pake.

(b) Chomeka plagi ya akiba ndani ya kofia hiyo, uifunge kwa waya imara hata chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na mafuta. Cheche sasa itapita nje, na silinda ya juu haitawaka.

(c) Washa injini kwa mwendo wa polepole, usikilize kwa muda mfupi tu, kisha uzime.

(d) Rudisha kofia ya juu, ufanye vile vile kwa silinda ya chini.

Ikiwa injini ilizidi kudhoofika au ilikataa kuwaka ulipoinyima silinda ya juu, basi silinda ya juu ilikuwa inafanya kazi. Ikiwa hapakuwa na tofauti, silinda hiyo ilikuwa imelala tangu awali, nayo ndiyo yenye ugonjwa.

5. KUSOMA PLAGI

Fungua plagi zote mbili, uzilaze juu ya kitambaa kwa utaratibu wake, ya juu juu, ya chini chini. Plagi ni kama ulimi wa mgonjwa mbele ya daktari. Rangi yake hueleza habari za ndani.

Rangi ya kahawia isiyokolea, au ya kijivu: silinda ina afya.

Masizi meusi makavu: petroli ni nyingi kuliko hewa. Angalia choki kama imekwama, na chujio la hewa kama limejaa vumbi.

Imelowa petroli: mafuta yafika, lakini hayaungui. Aghalabu cheche haipo.

Imelowa oili nzito: katika mipigo miwili, oili yaweza kuwa imezidi katika petroli, katika mipigo minne, ringi za pistoni au valvu huenda zimechakaa.

Nyeupe sana, au yenye malengelenge: silinda yapata joto mno. Mara nyingi mafuta ni haba, au hewa yaingia mahali palipolegea.

Matone ya maji au uchafu wa chumvi: maji yamo katika petroli, au gasketi ya kichwa cha silinda yavuja. Jambo la pili si la kuchelewesha.

Sasa shika kanuni iliyo kubwa kuliko zote. Plagi zote mbili zikiwa na ubaya wa namna moja, tafuta sababu katika kitu ambacho silinda hizo hushirikiana: tangi, chujio, pampu ya mafuta, au kabureta kama ni moja. Ikiwa plagi moja ni njema na nyingine mbaya, tafuta katika kile ambacho silinda mbaya inacho peke yake: plagi yake, kofia yake, waya wake, mgandamizo wake. Kanuni hii ingaliniokolea fedha za kabureta. Injini yangu ilikuwa na kabureta moja kwa silinda zote mbili, na silinda moja ilikuwa nzima. Kabureta ingewezaje kuwa mkosaji?

6. KUBADILISHANA

Chukua plagi ya silinda nzima uitie katika silinda yenye ugonjwa, na ile ya ugonjwa uitie katika nzima. Washa, urudie jaribio la sehemu ya nne. Ikiwa ugonjwa umehama pamoja na plagi, plagi ndiyo mbovu. Ikiwa umebaki pale pale, plagi haina kosa. Njia hii haina gharama hata senti moja. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu pamoja na injini ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi.

Plagi iliyo chafu isuguliwe kwa brashi na kukaushwa. Nafasi baina ya ncha zake ipimwe kwa kipande chembamba cha chuma cha kupimia. Injini nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.6 na 1.0, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Kaure ikiwa imepasuka, itupe. Unapoirudisha, ikaze kwa vidole mpaka ikae. Kisha kwa sipana, plagi mpya yenye pete ipate nusu mzunguko, na ya zamani robo au pungufu. Mwenye kukaza kwa nguvu zote huharibu meno ya kichwa cha silinda.

7. CHECHE NA CHUMVI

Ikiwa ugonjwa haukuhama, jaribu cheche. Chomeka plagi ya akiba katika kofia ya silinda ile, ishike kwa koleo yenye mpira, chuma chake kiguse chuma cha injini. Matundu ya plagi yawe yamezibwa, wala pasiwe na petroli iliyomwagika. Mwenzako avute kamba ya kuwashia. Cheche njema ni ya buluu, nayo hulia. Cheche nyekundu iliyo dhaifu, au kukosa cheche kabisa, ni ushahidi.

Sisi wa delta tuanze na chumvi kabla ya kulaumu mitambo iliyofichwa. Pepo za bahari na rasha za mawimbi huacha chumvi juu ya waya na ndani ya kofia. Chumvi hiyo ikipata unyevu hupitisha umeme, na cheche hukimbilia katika mwili wa injini badala ya kwenda kwenye plagi. Ndiyo maana injini nyingine huwaka vizuri mchana wa jua na kukosa alfajiri penye umande.

Vua kofia, utazame ndani. Ukiona kutu ya kijani au unga mweupe, isugue mpaka chuma king'ae. Futa waya kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha ukaushe kabisa. Kagua kama waya umepasuka, au umesuguliwa na chuma mpaka ndani. Usiku pasipo mwanga, injini ikiwa inakwenda, tazama bila kugusa: cheche ndogo zikichezacheza juu ya waya, umeme wavuja pale. Kofia mpya ni kitu cha bei ndogo. Ikiwa ni ya kufungulia, ibadilishe mwenyewe.

Kama kila silinda ina koili yake, badilishana koili kama ulivyobadilishana plagi. Ikiwa koili ni moja yenye nyaya mbili, au baada ya haya yote cheche haikuja, mpelekee fundi mwenye vipimo vya umeme.

8. MAFUTA

Petroli nyingi huku kwetu hununuliwa katika madumu na chupa, tena husafiri katika mashua ivujayo. Mimina kidogo katika chupa ya kioo, uiache itulie nusu saa. Maji ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kuonekana kama tabaka jingine. Ukiyaona, mwaga mafuta ya kabureta, safisha chujio, ukaushe tangi.

Yako pia mafuta ya taa yaliyochanganywa kwa hila katika petroli. Uovu huo ulienea hata mwaka 2010 EWURA ikaanza mpango wa kutia alama maalumu katika mafuta, ili uchanganyaji ugunduliwe. Nyumbani, kabla ya kutia oili, dondosha petroli juu ya karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka upesi. Ikiwa baada ya muda pabaki doa la mafuta, ishuku. Injini isiyoundwa kwa mafuta ya taa hushindwa kuyaunguza vema.

Kipimo cha oili ya mipigo miwili ni kile cha kitabu. Kikisema hamsini kwa moja, lita 20 za petroli hutaka mililita 400 za oili. Pima kwa chupa yenye alama, wala si kwa macho.

Ikiwa cheche ni njema na plagi ni kavu kabisa, mafuta hayafiki. Angalia bomba, chujio, na tundu la hewa la kifuniko cha tangi, kisha ndipo kabureta. Jeti yake isafishwe kwa petroli na kupulizwa. Usiichokoe kwa waya wa chuma, utalipanua tundu lake.

9. MGANDAMIZO

Chomoa kamba ya kuzimia, utoe plagi zote. Rudisha plagi ya silinda moja, vuta kamba polepole, usikie uzito wake. Kisha itoe, ufanye hivyo kwa silinda ya pili. Uzito uwe sawa. Penye chombo cha kupimia, tofauti ipitayo sehemu moja katika kumi yataka uchunguzi.

Silinda iliyo laini ina tundu la kuvujia. Katika pampu ya mipigo minne, tia kijiko cha chai cha oili katika tundu la plagi, ujaribu tena. Mgandamizo ukiongezeka, ringi zimechakaa. Usipoongezeka, tazama valvu au gasketi. Hapa kazi ya nyumbani imekwisha. Kufungua kichwa cha silinda juu ya mchanga, pasipo vipimo, ni kuongeza ugonjwa.

10. INJINI ZA DIZELI ZA KUKOBOLEA MPUNGA

Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la mgandamizo peke yake. Mashine yenye silinda mbili ikikosa, vua kwanza mkanda wa kinu, uiwashe ikiwa baridi, na baada ya muda mfupi dondoshea maji kidogo juu ya kila bomba la moshi pale litokapo kwenye silinda. Lililo baridi ni la silinda iliyolala. Simama mbali na gurudumu, na nguo zenye kuning'inia zifungwe.

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli waonyesha mafuta yasiyoungua. Mweusi, mzigo uliozidi au hewa iliyo haba. Wa buluu, oili iunguayo. Uwezayo kuyafanya ni haya: safisha chujio la hewa, badilisha chujio la dizeli, mwaga maji yaliyotuama chini ya tangi, toa hewa iliyonaswa katika bomba la mafuta kama kitabu kielezavyo. Nozeli na pampu ya mafuta usiziguse, wala usiweke kidole mbele ya dizeli ivujayo kwa nguvu. Hupenya ngozi kama sindano, na jeraha lake, lijapoonekana dogo, lataka hospitali siku ile ile.

11. MFANO

Injini ya mashua yatetemeka. Kuinyima cheche silinda ya chini hakuleti tofauti. Basi ya chini imelala. Plagi ya juu ni ya kahawia, ya chini imelowa petroli. Basi mafuta yafika, na kosa ni la silinda ya chini peke yake. Plagi zabadilishwa, ugonjwa wabaki chini. Basi si plagi. Cheche ya chini ni dhaifu. Kofia yavuliwa, ndani mna kutu ya kijani. Yasuguliwa, yakaushwa, na injini yanguruma sawasawa. Kazi hii haizidi saa moja, nayo ndiyo niliyopaswa kuifanya gatini Mbwera.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Injini ikibadili mlio, usipakie mzigo wala watu.

Tafuta silinda, kisha sababu, ndipo ununue.

Ubaya wa wote watoka kwa kile washirikianacho. Ubaya wa mmoja watoka kwake mwenyewe.

Badilisha kitu kimoja kila mara.

Katika delta, anza na chumvi na maji.

Kila mashua ichukue plagi mbili za akiba, kofia moja, sipana yake, kitambaa kikavu na makasia. Tena weka daftari, uandike siku uliyobadilisha kitu na ulichokiona. Fundi atakayekuja baada yako atakushukuru, na mwenye magunia atafika sokoni na mpunga mkavu.